Koleo la Mafuta na Mkono wa Tusekile

Jumatatu, 4 Juni 1956. Vwawa.

Baridi. Wagonjwa arobaini na mmoja hapa zahanati kabla ya saa sita. Sindano kumi na tisa, na hakuna mtoto aliyelia kwa muda mrefu. Wananisifu kuwa dresa mwenye vidole vyepesi. Najisifu? Najisifu. Daftari ni langu, na mke wangu Ester anasema hata angetaka kulisoma, mwandiko wangu haumruhusu.

Mwalimu Nzunda amepita na baiskeli yake. Ndiye anayefundisha mbio shuleni. Kasema keshokutwa anakuja daktari kutoka Mbeya kupima wakimbiaji wetu kumi na wawili, wanaokwenda michezo ya jimbo tarehe 23. Mwaka jana mtoto mmoja alizimia katikati ya mbio. Sasa wakubwa wanataka kila mkimbiaji apimwe mafuta yaliyo chini ya ngozi. Asiyefika kiwango hakimbii. Mwalimu anaona ni upuuzi. Mimi naona ni elimu. Tumebishana mpaka chai imepoa.

Jumatano, 6 Juni

Siku yangu.

Bwana Daktari amefika saa mbili. Mrefu, mcheshi, Kiswahili chake cha kitabuni lakini anajitahidi. Chombo chake kinalala ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini. Ni koleo la chuma lenye saa usoni. Unashika nyama ya nyuma ya mkono, katikati ya bega na kiwiko, unaiinua, unaibana kwa koleo, mshale unasema. Mpaka ni milimita sita. Sita na zaidi, unakimbia. Chini ya sita, unabaki nyumbani.

Amepima watoto sita. Ikaja barua anatakiwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mara moja. Asubuhi alikuwa ameniona nikichoma mtoto sindano, mtoto akiendelea kutafuna muwa. Kaniambia nina mikono ya kuaminika. Kanikabidhi koleo nimalizie sita waliobaki, nikae nalo mpaka mwisho wa mwezi nipime na madarasa mengine. Halafu, akiwa mguu mmoja ndani ya gari: kuna kozi ya mwaka mzima hospitali ya Mbeya, na anatafuta jina la kupeleka. Gari likaondoka. Mimi nimebaki na koleo mkononi na kozi kichwani.

Nimepima. Watatu hawakufika. Wavulana wawili, na Tusekile.

Tusekile ana miaka kumi na minne. Mndali, kwao milimani Ileje, hapa anaishi kwa shangazi yake Mama Tumpe, nyuma ya soko. Tangu aje shuleni hakuna aliyemshinda mbio za maili moja, si msichana, na wavulana wengi nao amewashinda, ila hawasemi. Mshale ukasema nne na nusu. Nimeandika. Ameutazama mshale, akanitazama mimi, akashusha mkono wa gauni.

Majina ya waliokatwa nimeyasoma barazani, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nilisimama wima kweli.

Alhamisi, 7 Juni

Mama Tumpe amekuja kabla sijafungua mlango.

Kwetu huku mtoto wa ndugu anayelelewa kwako akiambiwa hana nyama, hajatajwa yeye. Umetajwa wewe na sufuria yako. Hilo nalijua tangu nanyonya. Jana nililisahau. Sokoni wameshaanza kumuuliza kama maharage ya kwake anayafungia kwa kufuli.

"Bwana Dresa," kasema, "umeniandika katika kitabu cha serikali kwamba namnyima mtoto wa kaka yangu."

Nikamwambia kitabu hakisemi hivyo.

"Kinasema nne na nusu."

Nimefungua mlango, nimeita wa kwanza. Mchana kutwa nimewajibu watu vibaya.

Ijumaa, 8 Juni

Sijawahi kuona.

Saa sita kamili, Mama Tumpe kaingia baraza ya zahanati na mkeka, na masufuria mawili, na Tusekile. Katandika. Kamketisha mtoto mbele ya foleni yangu yote, kaanza kumlisha. Ugali wa ulezi. Maharage. Ndizi za kupika na karanga. Kila anayepita anamwambia, "Karibu, tunakula tu."

Tusekile anatafuna huku anatazama vidole vya miguu yake. Nimetaka kuwafukuza. Ester alikuwa ameniletea chakula changu. Kaniambia nikiwafukuza, naye atakwenda kula nao huko watakakokwenda. Kisha akakaa nao. Na chakula changu.

Jumamosi, 9 Juni

Wamerudi. Leo kuna kuku.

Mzee mwenye jino bovu kaomba mchuzi, kapewa. Mama mwenye mapacha kapewa mapaja yote mawili. Foleni imekuwa ndefu na nusu yake hawaumwi chochote. Mmoja nimemwuliza anaumwa wapi, akasema anasubiri ugali.

Jioni Mwalimu Nzunda kaniambia Tusekile bado anakuja mazoezini, hakatazwi kukimbia uwanja wa shule. Leo kazunguka mara mbili, katapika majanini. Kashiba mno. Mwalimu hakusema ni kosa langu. Alinitazama tu, akapanda baiskeli. Nimemkasirikia Mama Tumpe. Nimelikasirikia koleo. Kuna mwingine pia nimemkasirikia, sijamjua bado.

Jumapili, 10 Juni

Baada ya ibada Mama Tumpe amesalimia benchi letu zima, mmoja mmoja. Mimi kaniruka. Binti yangu Neema, miaka mitano, kauliza kwa sauti kwa nini baba hasalimiwi. Ester kakohoa kuficha kicheko.

Jumatatu, 11 Juni

Nimenakili taarifa ya Bwana Daktari kwa wino mzuri.

Jina la kwanza mpaka la sita, mwandiko wake. Kipimo cha chini kabisa ni saba. Jina la saba mpaka la kumi na mbili, mwandiko wangu. Kipimo cha juu kabisa ni sita na nusu. Waliokatwa wote wametoka kwangu. Watoto walijipanga kama walivyofika, si kwa unene wala urefu.

Bahati mbaya tu. Inawezekana wembamba walichelewa.

Nimefunga daftari la taarifa. Nimelifungua tena. Nimelifunga.

Jumanne, 12 Juni. Tunduma.

Nimeletwa na lori kuchanja watu wa mpakani. Vumbi, ng'ombe, Wabemba na nguo zao za mauzo, kelele za raha. Naipenda Tunduma. Huku mtu akikupunja anakupunja kwa heshima, na "mukwai", "tafadhali bwana" ya Kibemba, juu.

Mchana nimekwenda mnadani kunyoosha miguu. Yupo Mzee Sinkala, Mnamwanga, ananunua ng'ombe tangu sijaoa. Hana mizani. Ana kiganja. Anaingiza mkono wote penye shina la mkia, anakamata mafuta, ananyamaza, anataja bei. Mpwa wake anajifunza. Kagusa dume moja kwa ncha za vidole, kasema limekonda. Mzee kashika palepale, kasema limenona. Wamebishana, watu wamekusanyika. Mwisho Mzee kamshika mpwa mkono, kamwonyesha vidole vyake mwenyewe.

"Umeshika ngozi," kamwambia. "Hujashika ng'ombe."

Watu wakacheka. Mimi nimesimama na mkoba wangu wa sindano.

Vidole vile navijua. Ni vyangu. Miaka kumi nachoma sindano, nainua ngozi kwa ncha, kidogo kabisa, ili mtoto asiumie. Ndiyo maana hawalii. Na Jumatano iliyopita nimewashika watoto sita namna hiyohiyo.

Jumatano, 13 Juni

Asubuhi, kabla ya kazi, nimempima Ester. Alikubali kwa sharti: nimchambulie debe zima la maharage.

Kwa vidole vya sindano: kumi na moja. Kwa mkono wa Mzee Sinkala, nimekamata kweli: kumi na saba. Nimeshuka chini kidogo, upana wa kidole: kumi na tano. Nimerudi pa mwanzo: kumi na sita. Nimerudia tena palepale: kumi na saba na nusu.

Ester kasema, "Yaani tangu uji nimenenepa, nimekonda, nimenenepa tena. Na maharage bado yananisubiri."

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Neema kaja, naye kataka kupimwa, naye kacheka. Halafu nikawakumbuka wale watatu, kicheko kikaniisha mdomoni. Nimechambua maharage yote.

Alhamisi, 14 Juni

Naogopa. Niandike hivyohivyo.

Nikisema, mikono ya kuaminika imekwisha. Kozi imekwisha. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Nani atampima tena mtoto wa Ileje? Orodha inafungwa Jumatatu. Nyamaza, inafungwa yenyewe.

Mchana wamekuja tena na masufuria. Tusekile kasukuma sahani. Shangazi yake kairudisha. Kasukuma. Kairudisha. Hawakugombana, hawakutazamana. Halafu mtoto kala, na machozi yanadondokea kwenye maharage, na Mama Tumpe kageuza uso upande wa barabara ili asiyaone. Ana aibu yule mama. Si hasira, ni aibu tupu. Nami ndiye niliyempa.

Kesho nakwenda Mbeya. Nimemwambia Ester. Shati lilikuwa tayari limepigwa pasi.

Ijumaa, 15 Juni. Mbeya.

Nimepanda lori la kahawa, juu ya magunia. Njia nzima nimefanya mazoezi ya maneno. Nilipofika yalikuwa yameanguka yote barabarani.

Nimesema nimesimama. "Bwana Daktari, wale sita niliopima mimi, nimewapima vibaya." Nikamweleza vidole. Nikamweleza ng'ombe. Nikamweleza Ester, ila maharage nimeyaacha.

Hakunikaripia. Kaita karani wake, kijana mnene wa wastani, kamvua koti. Kanitaka nipime kwa njia ya zamani, kisha kwa njia mpya. Kweli, tofauti kubwa. Kisha kachukua koleo yeye. Kumi na nne. Karudia: kumi na mbili. Karudia: kumi na tano. Mkono uleule, karani yuleyule, hajatoka hata kwenda msalani.

Daktari kaweka koleo mezani. Katazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha kaanza kucheka, kavua miwani, kafuta macho. Kasema miaka miwili anapima watoto wa shule na hajawahi kujipima yeye mwenyewe kama anapima sawa. Karani kauliza kama anaweza kuvaa koti lake.

Daktari anakuja Vwawa kesho. Tutapima upya wote kumi na wawili. Nimerudi na gari la posta, nimekaa nyuma, upepo umenipiga na sijali.

Jumamosi, 16 Juni

Watu wamejaa uani tangu asubuhi. Habari imefika kabla yetu.

Tumeweka meza mbili. Kila mtoto kawekwa doa la dawa ya zambarau mkononi, tushike mahali pamoja. Kila mtoto kapimwa mara tatu na daktari, mara tatu na mimi. Mwalimu Nzunda aliandika, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia ya mwenzake. Alijaa ukali huyo mwalimu. Daktari mwenyewe kaambiwa atazame ukutani.

Tusekile, kwangu: tano na nusu, saba, sita na nusu. Kwa daktari: sita, saba na nusu, tano na nusu.

Nimefuta jasho. Wanne zaidi walikuwa hivyohivyo, mguu huku, mguu kule. Na mvulana mmoja ambaye wiki iliyopita daktari alimpa nane na kumpitisha, leo daktari huyohuyo kampata tano. Mwalimu Nzunda alifunika mdomo kwa daftari.

Daktari kakaa kwenye ngazi ya baraza. Kasema koleo litamfaa kwa kujua watoto mia wakoje kwa jumla. Lakini mshale unaotangatanga namna hii hauna haki ya kumzuia mtoto mmoja aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo atauliza maswali. Akawauliza mmoja mmoja. Unalala vizuri? Unakohoa? Umewahi kuona giza ukikimbia? Kawasikiliza vifua, kawatazama macho. Akafika kwa Tusekile. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Je, binti, unapata chakula cha kutosha?"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Wagonjwa, walimu, yule mzee wa jino. Nusu yao wamekula kwenye masufuria yale. Daktari kageuka huku na huku, hajui amesema nini. Tusekile kajibu, "Nakipata, Bwana Daktari. Nakipata sana." Na ndipo Mama Tumpe, aliyekuwa amenuna kando ya mlango, kaanza kucheka mpaka kashika nguzo.

Wote kumi na wawili wanakwenda.

Nilikuwa bado na kazi moja. Nimesimama barazani, palepale niliposimama Jumatano ile. Nimesema kwa sauti: vipimo vya kwanza vilikuwa vibaya, kosa lilikuwa la vidole vyangu, halikuwa la sufuria ya Mama Tumpe. Mama Tumpe kakunja mkeka wake, kamshika mtoto mkono, kaondoka.

Jumanne, 19 Juni

Baraza tupu. Hakuna mkeka, hakuna kuku. Foleni imepungua ghafla, wamebaki wagonjwa. Mzee wa jino kauliza kama leo hakuna kitu.

Mwalimu anasema Tusekile anapaa.

Jumamosi, 23 Juni

Naandika asubuhi ya Jumapili, ila nataka tarehe iwe ya jana. Sina sauti. Ester hana sauti. Neema ndiye anayezungumza kwa niaba ya nyumba.

Lori zima lilikwenda. Watoto nyuma wanaimba, wakubwa wanajidai hawaimbi. Uwanja wa Mbeya umejaa, bendera, vumbi, wauza njugu. Maili moja ya wasichana ilikuwa saa nane. Wasichana kumi na mmoja. Tusekile kavaa kaptula ya kuazima, kafunga kiunoni kwa kamba ya katani.

Mzunguko wa kwanza alikuwa wa tisa. Nikasema moyoni, ndiyo hayo, labda koleo lilijua. Mzunguko wa pili, wa sita. Mama Tumpe kaanza kukimbia naye nje ya kamba, kitenge mkononi, anawakanyaga watu na kuwaomba radhi kwa Kindali. Mzunguko wa tatu, wa tatu. Nilisahau udaktari wote. Nilikuwa napiga kelele ambazo hazina maneno. Mbele yake binti mmoja wa Tukuyu, miguu mirefu, haangalii nyuma. Mita za mwisho Tusekile alimfikia begani. Begani kabisa. Wakapita kamba pamoja, na mwamuzi akanyoosha mkono kwa wa Tukuyu.

Wa pili. Wa pili jimbo zima.

Hakuanguka. Hakuzimia. Alisimama ameshika magoti, kisha kainua kichwa, kacheka, na meno yote yakaonekana. Binti wa Tukuyu kamkumbatia. Na wale wavulana wetu wawili niliowakata, mmoja kashika nafasi ya nne katika nusu maili, mwingine alikuwa wa mwisho na hakuna aliyefurahi kumzidi. Alizunguka kutusalimia wote na kikombe cha mtu mwingine mkononi.

Daktari alikuja kunipa mkono. Kuhusu kozi hakusema kitu. Nami sikuuliza. Nilikuwa na furaha nyingi mno, hapakuwa na mahali pa kuweka swali.

Jumatatu, 25 Juni

Baridi imepungua. Wagonjwa ishirini na wanane.

Posta imeleta karatasi ya daktari. Anataka nijaze kipimo cha kila mkimbiaji kwa ajili ya kitabu chake. Safu ni moja, imechorwa nyembamba. Penye jina la Tusekile nimeandika vyote sita, vyangu na vyake, kwa tarakimu ndogo, mpaka ukingoni.

Mama Tumpe alikuwa kwenye foleni. Kifua, kutokana na vumbi la Mbeya na kelele zake. Alingoja zamu yake kama wengine. Nimemsikiliza mgongo, nimempa dawa ya chupa, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kaipokea kwa mikono miwili. Hakutaja mbio, hakutaja kitabu. Alipofika mlangoni kageuka.

"Ubaki salama, mwanangu."

Nimeitikia. Nimeita anayefuata.